Aliyeitika kwa Jina la Nsimire

Kama unataka hadithi ya watu wanaopanda fisi usiku, nenda kwa mwingine. Hii ilitokea mchana kweupe, kwa jirani yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na nakuomba usinikatize kwa maswali, maana hata mimi niliyekuwepo majibu sina.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumamosi, kule Lilongwe, Area 47, na Douce alikuwa jikoni kwa Mayi Msiska, mama mwenyeji wake, akipaka siagi ya karanga kwenye mkate. Msichana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa mabadilishano kutoka Finlandi. Shule yao ya mji wa Oulu hutuma watoto nje mwaka mzima, wakakae na familia ya watu, wasome shule ya huko, wale chakula cha huko. Wenzake walichagua Japani na Brazili. Douce alichagua Malawi, na walimu wakamsifu kwamba ana moyo wa kuiona dunia. Moyo gani! Malawi ilichaguliwa na mama yake, Benedicte, kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa inaishi hapa kambini, nyumba ya tatu kutoka kwenye cherehani yangu.

Ni koko wake. Sisi watu wa Bukavu bibi tunamwita koko. Huyo koko jina lake Nsimire, na Douce naye kwa jina la nyumbani ni Nsimire, alipewa la bibi yake siku aliyozaliwa. Watu wa namna hiyo kwetu wanaitana "majina". Majina yako ndiye mnayekula naye sahani moja, na siku mkubwa akiondoka duniani, mdogo ndiye anayemfunga macho. Akifunga mtu mwingine, watu wanaanza kuulizana kuna nini katika ile nyumba.

Mtoto alilelewa kwenye mkeka wa huyo koko. Kisha majina ya kwenda Ulaya yakatoka. La Benedicte likatoka, la mtoto likatoka, la koko halikutoka. Nsimire mmoja akapanda basi la uwanja wa ndege akiwa na pengo la meno ya mbele, Nsimire mwingine akabaki barabarani anapunga kitambaa. Kwa nini, hatukuambiwa. Hapa kambini hatuambiwi.

Sasa mtoto karudi, yuko Lilongwe, anaweza kuja na kurudi kabla ya chakula cha jioni, na miezi inapita hajakanyaga hapa. Mama yake akipiga simu: umefika kwa koko? Jibu ni mitihani. Akipiga tena, ni mvua. Akipiga tena, ni malaria. Malaria yenyewe hakuwa nayo.

Ukweli ni kwamba aliona haya. Wiki aliyofika, Tadala, binti wa Mayi Msiska, alimtembeza madukani Old Town, akamwonyesha kwa kidevu mama mmoja wa Kikongo anauza vitenge. "Hao wa Dzaleka," akasema. "Kazi yao kujazana huku na kuroga wateja." Douce akacheka, kwa sababu Tadala alicheka. Kesho yake darasani wakamuuliza wazazi wake ni watu wa wapi. Akasema Nairobi, walikwenda Finlandi kwa kazi ya benki. Na Kiswahili? Akasema hakijui. Uongo mdogo tu, lakini kila siku aliamka nao na kila siku ulikuwa mgumu zaidi kuuvua.

Na Jumamosi hiyo basi la shule lilikuwa linapeleka nguo za msaada. Wapi? Dzaleka. Alijaribu kuumwa tumbo. Mayi Msiska, mama wa watu mwenye huruma, akampa dawa na kofia ya jua.

Walipanga meza karibu na kanisa, pale nilipo mimi na cherehani yangu na Orpa na maandazi yake. Watoto wa viatu safi. Douce akapewa kazi ya kukunjua masweta na kuwapa watu, amejifunika kofia mpaka kwenye nyusi. Nadhani angeponea hapo. Lakini kuna aliyekwenda kumwambia koko kwamba pale mezani kuna mtoto anafanana na Benedicte kabisa. Yule mama mwenye miguu mibovu akaja anakimbia. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, alikivaa makusudi.

"Majina!" akaita. "Majina yangu! Njo we?" Ndiye wewe, yaani.

Douce alimjua palepale. Aliniambia mwenyewe baadaye: aliijua mikono kwanza, halafu sauti, na kifua kikamjaa. Laiti angelia tu, yangeisha. Lakini Tadala alikuwa pembeni, mwalimu nyuma, wenzake wamenyanyua simu wanapiga picha.

"Anakujua?" Tadala akauliza.

"Simjui," Douce akasema kwa Kiingereza. "Amenifananisha."

Koko Kiingereza hakijui, lakini uso anausoma mtu yeyote. Akamshika mkono. "Nsimire. Mi njo koko yako. Haunione?"

Watu wakaanza kugeuka. Douce akainama kama anayempa sweta, akanong'ona kwa Kiswahili chetu kabisa, kile alichosema hakijui: "Mi si Nsimire. Kama ni jina, shika jina yako, uniache."

Mimi nilisikia. Orpa alisikia, akajiziba mdomo.

Maana jina la majina haliondoki hivi hivi. Mkubwa hawezi kukunyang'anya, hata umtukane. Lakini ukilirudisha wewe, kwa mdomo wako, mbele yake, basi limekuwa lake tena, na anaweza kumpa amtakaye. Hayo kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anayajua. Huyu alikuwa amesahau, au alidhani ni mambo ya watu wa kambi.

Koko akauachia mkono. Kisha akaviunganisha viganja vyake, akavikinga mbele ya yule mtoto kama mtu anayepimiwa unga, akangoja kidogo, akavifumba. Kile alichopokea akakiweka kwenye pindo la kitenge na kupiga fundo.

"Asanti," akasema, akaondoka polepole. Sweta hakuchukua.

Mezani kwa Mayi Msiska siku ile walikula nsima, ndio ugali wao, na samaki, na Tadala akaigiza jinsi bibi kichaa alivyokuja anakimbia. Douce alicheka. Alicheka, nakwambia! Kisha akaenda chumbani. Jua lilikuwa bado dirishani. Simu ikalia. Mama.

"Nsimire, mwanangu?"

Douce akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, sauti ikajibu.

"Njo mi, mama."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Haikutoka kwenye simu. Ilitoka nyuma ya bega lake, karibu sana, mpaka akasikia pumzi. Akageuka. Kitanda. Kabati. Begi la shule. Hapakuwa na mtu.

"Umefika kwa koko?" mama akauliza.

"Nimefika. Niko naye hapa, ananisuka."

Benedicte akaanza kulia kwa furaha, kule mbali kwenye baridi yake.

"Mama!" Douce akapiga kelele. "Mama, mimi niko hapa! Huyo si mimi!"

"Nsimire, kuna mtu anapiga kelele hapo. Nani?"

"Ni mutu anapita tu," sauti ikasema taratibu. "Asikusumbue."

Walizungumza kitambo, mama na ile sauti, habari za magoti ya koko na bei ya mkaa. Douce alikaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi. Walipoagana, chumba kilinuka moshi. Kwa Mayi Msiska wanapikia umeme.

Kesho yake sisi huku tukamwona msichana kwa koko, anafagia uwanja. Tukasema, mtoto ametubu, Mungu mkubwa. Tukamsalimia, akaitika. Alichota maji, alipika mboga ya sombe, alimsindikiza koko kanisani na kumshika kiwiko. Leo ukituuliza alivaa nini, Orpa anasema sweta la shule, mimi nasema kitenge cha kijani, na mzee Ndayisaba, jirani wa ukuta mmoja na koko, anaapa alikuwa na gauni jeupe. Na uso wake? Kila tukikumbuka tunamwona kwa nyuma.

Hofu ni hofu, lakini ngoja nikwambie kinachonichoma mimi zaidi. Baada ya muda Douce alianza kuona nafuu. Mama hamsumbui tena. Koko ana mtu. Kazi yake inafanyika, na yeye anaendelea na shule yake, na marafiki zake, na Nairobi yake ya uongo. Mama akituma ujumbe, asante kwa kumkata koko kucha, anausoma na kunyamaza. Na simu ikilia akajifunza la kufanya: anaipokea, anaiweka juu ya kitanda, anatoka nje na kufunga mlango. Anakaa kwenye ngazi mpaka minong'ono iishe. Mayi Msiska akimuuliza unazungumza na nani ndani, anasema anafanya mazoezi ya lugha.

Siku moja hakuwahi kutoka. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, simu ikalia, sauti ikajibu haraka.

"Koko amedhoofu, mama. Hale tena."

"Usimwache, Nsimire. Unaelewa? Usitoke hapo."

"Sitoke. Mi njo nitamufunga macho."

Douce akabaki ameshika kamba. Hilo lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Kufagia, sawa. Sombe, sawa. Lakini kumfunga koko macho lilikuwa lake. Ndilo jambo moja alilopewa duniani kabla hajajua hata kutembea, na alikuwa amekaa pale analisikia likichukuliwa kwa sauti yake mwenyewe. Alisikia haya zikimpanda usoni kama homa.

Hakuaga mtu. Alikwenda Old Town na sare yake ya shule, akapanda gari la kaskazini, akapita Lumbadzi bila kuona kitu, akashuka njia panda na kuchukua kabaza. Alimwambia kijana wa baiskeli akanyage, akanyage tu.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Wanawake tulikuwa tumekaa mlangoni kwa koko, kama tunavyokaa mtu akiwa katika hali ile. Nyumba ina mlango mmoja na kidirisha cha kupitisha mkono. Akatokea, vumbi mpaka magotini.

"Jambo bamama," akasema. "Mi njo Nsimire."

Orpa alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena.

"Nsimire iko ndani," akanong'ona. "Anamuosha koko miguu."

Tulikuwa tunasikia maji. Yanachotwa, yanamwagwa. Yanachotwa, yanamwagwa.

Douce akaingia. Nilisimama nikachungulia, sikuweza kujizuia.

Koko alikuwa ameegemezwa ukutani, miguu kwenye beseni. Mbele yake msichana amechuchumaa, ametupa mgongo. Nywele zilezile. Shingo ileile. Hakugeuka.

"Koko," Douce akasema. "Ni mimi. Majina yako."

Koko akainua macho. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo.

"Karibu, mugeni," akasema. "Majina yangu njo huyu. Usione haya, mutoto. Bantu mingi habatujue. Mumupe kiti."

Yule aliyechuchumaa akanyoosha mkono nyuma, unadondosha maji, akasogeza kigoda. Bila kugeuka. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na kovu la pasi. Douce akatazama mkono wake. Kovu lilikuwepo, palepale.

Akapiga magoti. "Koko, nisamehe. Nilidanganya. Nirudishie jina yangu."

"Nilishaipana."

"Ulimpa nani? Huyu ni nani, koko? Alitoka wapi?"

Mara ya kwanza nikaona kitu kama woga kikipita usoni kwa koko, kisha kikapita.

"Sikumuuliza," akanong'ona. "Nilikuwa nimengoja sana."

Maji yakachotwa. Yakamwagwa.

Douce alitoka kinyumenyume. Alikuja kukaa chini karibu na miguu yangu, akaficha uso kwenye magoti, akalia kilio kile cha mtu anayejiuma ili asisikike. Nilimwekea mkono kichwani. Ndipo aliponieleza yote haya, tangu Nairobi mpaka ngazi za Mayi Msiska, na wanawake wote wanasikia, na hakujali tena nani anasikia. Orpa alilia. Mwingine akasema yule bibi ni mlozi, nikamwambia afunge mdomo wake. Mlozi gani? Bibi alikuwa na mjukuu mmoja tu.

Alipokuwa katikati ya maneno, maji yakanyamaza.

Tulingoja. Nikaingia mimi kwanza.

Koko alikuwa amelazwa vizuri, mikono imepakwa mafuta, miguu mikavu, safi. Macho yamefungwa. Maji ya beseni yalikuwa bado ya moto. Hapakuwa na mtu mwingine. Na mlangoni tulikuwa tumekaa sisi, goti kwa goti.

Tulimzika. Kanisa zima lilikuja, na wale ambao hawakuwepo mlangoni walimjia Douce mmoja mmoja, wakamshika mikono yote miwili. Asanti, Nsimire. Umemtunza koko yako. Mungu akuongezee siku. Alitaka kusema. Nilimwona midomo inacheza. Lakini utamwambia nini mtu aliyetoka kuimba, kaburini? Akawa anapokea tu. Kila asante ilimwinamisha kidogo zaidi, mpaka mwisho alikuwa anatazama viatu vya watu.

Mwaka wa shule ulipokwisha alirudi Finlandi. Kabla ya hapo alimwambia Tadala ukweli, na Mayi Msiska. Tadala hakuamini, akadhani anatafuta kuonewa huruma. Mayi alimkumbatia tu.

Lakini mama yake hajamwambia, na sasa hawezi, kwa sababu ya kitu ambacho hata mimi ninacho humu kwenye simu yangu. Ni sauti iliyorekodiwa. Benedicte aliipokea siku ya mazishi, akanitumia na mimi. Ilitumwa kutoka namba ya Douce. Na siku ile, saa zote zile, simu ya Douce ilikuwa mfukoni mwangu, betri imekwisha moto, haiwaki.

Kule Finlandi, kama Douce anavyoniandikia, Benedicte huwawekea wageni sauti hiyo Jumapili wakitoka ibadani. Wanakaa, wanakunywa chai, wanasikiliza mjukuu anavyomwosha bibi yake. Maji yanachotwa, yanamwagwa. Koko anacheka. Wageni wanafuta machozi na kumtazama Douce, aliyesimama na chupa ya chai mkononi, wanasema, mama, una mtoto.

Zamani Benedicte alikuwa anaizima kabla haijafika mwisho. Jumapili moja akaiacha ikaendelea. Koko anauliza, sauti imechoka: "Na ule mugeni, alikula?"

"Hapana, koko. Nilimuwekea, hakugusa."

"Masikini. Alikuwa analia. Ni wa kwa nani?"

Maji yanamwagwa. Kisha sauti ya Douce, taratibu, karibu kabisa na simu: "Ule hatumujue."

Hapo inaishia.

"Mgeni gani huyo?" Benedicte akauliza. Wageni wote wakamgeukia Douce, nyuso zimejaa upendo.

"Ni mtoto wa shule moja ya Lilongwe," Douce akasema. "Alikuja na wale wa nguo."

Benedicte akatikisa kichwa kwa huruma, akasema Mungu amwangalie huyo mtoto popote alipo. Kisha akanyoosha kikombe chake. "Nsimire, tuongezee chai."

Douce akangoja kusikia kama kuna atakayeitika. Hakuna aliyeitika. Akamimina chai.